Mizani ya Kupimia Utafiti wa Dini

Utafiti juu ya dini ni mgumu kupimwa kuliko tafiti nyingi nyingine. Mtu akikosea urefu wa mlima, mwingine aweza kwenda kuupima tena na kumsahihisha. Lakini mtu akisema kuwa taifa fulani humwaza Mungu kwa namna fulani, atasahihishwa kwa kipimo gani? Wasomaji wengi hushika njia nyepesi: kitabu kikiafikiana na imani yao hukisifu, kikiipinga hukitupa. Huko ni kupima kwa mapenzi, si kwa elimu. Mizani ya haki huuliza mambo mengine: mtafiti alisikia kwa nani, kwa lugha gani, na je, ushahidi alioupata waweza kubeba neno alilolitwika?

Tujaribu mizani hiyo kwa kitabu mashuhuri cha Mkenya John Mbiti, *African Religions and Philosophy*, kilichotoka mwaka 1969. Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, akapata shahada ya udaktari Cambridge mwaka 1963, akawa kasisi wa Kianglikana na mwalimu wa elimu ya dini katika Makerere. Kabla ya siku zake, wageni wengi waliandika habari za dini za Waafrika kana kwamba ni ushirikina mtupu. Mbiti alionyesha kuwa dini hizo zimeenea katika maisha yote: katika kupanda na kuvuna, katika arusi na katika kilio. Kijana aliyekuwa akiona haya kwa imani ya babu yake aliikuta imeandikwa kwa heshima. Hiyo ni sifa kubwa, na mhakiki hana ruhusa ya kuipunguza.

Lakini katika kitabu hicho mna neno moja zito kuliko mengine. Mbiti alisema kuwa kwa Mwafrika wa asili wakati una sehemu mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa ni siku tulizo nazo, pamoja na zilizopita karibuni na zilizo karibu kuja. Zamani ni bahari ambamo kila jambo huzama mwishoni. Wakati ujao ulio mbali, alisema, haumo katika fikira kwa kuwa haujatukia. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu, ambavyo kwa hesabu yake huelekea mbele kiasi cha miezi sita, wala havipiti miaka miwili.

Hapa mizani inaanza kuinama. Lugha mbili za jirani zimetwikwa mzigo wa bara zima. Tena, kukosekana kwa umbo la kitenzi si kukosekana kwa fikira. Kiswahili chenyewe, kilichomwazima majina yake, hakina mpaka huo. Mtu aweza kusema, “Wajukuu wa wajukuu wangu watakaa hapa,” na kila msikilizaji akaelewa. Wazee waliosema kuwa akiba haiozi walitazama mbele. Mtetezi wa Mbiti aweza kujibu kuwa Waswahili wamefunzwa mambo ya usoni na Uislamu. Jibu hilo si la kudharauliwa. Lakini mwaka 1987 Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga Mbiti kwa ushahidi wa Waakan, akionyesha kuwa lugha yao ina maneno ya wakati ujao ulio mbali. Basi neno la Mbiti lilihitaji kuulizwa taifa baada ya taifa, na hilo ndilo lisilofanyika.

Mhakiki mkali zaidi alitoka Uganda. Mwaka 1970 Okot p'Bitek alitoa kitabu *African Religions in Western Scholarship*, akawalaumu wamisionari na wataalamu wa Kiafrika waliosoma Ulaya kwamba waliivika miungu ya Afrika mavazi ya Kiyunani. Anasimulia kuwa mwaka 1911 mapadri Waitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba lililo mbali na kufinyanga, basi swali likawa, ni nani aliyewafinyanga? Wazee walistaajabu, kwa maana walijua kuwa wamezaliwa na mama zao. Waliposhikiliwa wajibu, mmoja akakumbuka ugonjwa unaopinda uti wa mgongo, ambao mgonjwa wake husemwa kuwa amefinyangwa na Rubanga. Wakajibu kuwa Rubanga ndiye awafinyangaye watu. Hivyo jina la pepo apindaye migongo likawa jina la Mungu Mwumba katika sala.

Kisa hicho chafundisha kuliko kurasa nyingi za nadharia. Mapadri hawakusema uongo, wala wazee hawakudanganya. Swali ndilo lililozaa jibu. Lakini Okot naye apimwe kwa mizani ile ile. Ushahidi wake ni mzito juu ya Waacholi, watu aliowajua kwa lugha yao. Atakayeuchukua na kuutandaza juu ya Afrika nzima, akasema kuwa hapakuwa na taifa lililomjua Mungu Mmoja, atakuwa ametenda kosa lile lile analolaumiwa Mbiti.

Wahenga walisema: mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kasisi aweza kuivutia kanisani, na mpinzani wa kanisa aweza kuivutia nje. Kuvuta peke yake si dhambi, maana hapana mtafiti asiye na upande. Dhambi ni kuivuta ngozi hata ikapasuka, kisha ukasema ngoma ni nzima. Wazee walioulizwa maswali hayo wamekwisha kufa, na wajukuu wao husoma vitabuni kuwa “wazee walisema.” Kwa hiyo, msomaji, ukutanapo na maneno hayo, usiyakatae wala usiyapokee upesi. Uliza kwanza: ni wazee gani, nao waliulizwa nini?