Jina la Mchawi na Namna ya Kulivua: Uhakiki wa Nadharia ya Upachikaji Majina kwa Mfano wa Kamchape katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Durkheim (1893) alidai kuwa jamii hailaani tendo kwa sababu ni kosa, bali tendo huwa kosa kwa sababu jamii imelilaani. Becker (1963) aliisogeza mbele hoja hiyo kwa kueleza kwamba mkengeufu ni mtu ambaye jina hilo limepachikwa kwake na likashika. Kwa mtazamo huu, swali la msingi ni nani mwenye mamlaka ya kumpa mtu jina. Swali la alichokitenda mtu huyo linakuja baadaye.

Makala haya yanahakiki nadharia hiyo kwa kutumia mfano wa kamchape, yaani utaratibu wa kuwasaka na kuwatakasa wachawi, unaojulikana katika mwambao wa Ziwa Tanganyika kuanzia Ufipa hadi Kigoma. Hoja yetu ni kwamba nadharia inaeleza vyema namna jina linavyopachikwa, lakini haielezi vya kutosha namna linavyovuliwa. Sheria ya nchi nayo ina upungufu huohuo, na upungufu huo una gharama kwa maisha ya watu.

2.0 Sheria Inayokana na Kukiri

Sheria ya Uchawi ilitungwa na serikali ya kikoloni ya Tanganyika mwaka 1928, na ingali miongoni mwa sheria za Tanzania. Inamwadhibu anayejidai kuwa na nguvu za uchawi au anayemiliki vifaa vyake. Inamwadhibu pia anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Kwa kuitazama juujuu, mtu angesema kuwa sheria hii inamlinda kila mmoja.

Hata hivyo, sheria hiyohiyo inampa mkuu wa wilaya mamlaka ya kumchunguza mtu anayeshukiwa na, akiridhika kwamba mwenendo wake unaleta hofu au madhara, kumwamuru aishi mahali atakapopangiwa. Hapa ndipo penye mgongano. Ajuza anayeshukiwa na majirani zake anaweza kuondolewa kijijini, ilhali wanaomshuku wanabaki katika nyumba zao. Serikali haijatamka kwamba yeye ni mchawi, lakini kijiji kitakuwa kimeusoma uamuzi huo kama uthibitisho. Mesaki (2009) amejadili kwa mapana udhaifu wa sheria hii. Tunaloongeza ni kwamba haina kifungu kinachomrudishia mtuhumiwa jina lake la awali.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inaonesha upande wa pili wa suala hili. Maarifa ya mizizi na majani yakisajiliwa humpa mtu hadhi ya mganga. Yasiposajiliwa humweka katika hatari ya kuitwa tapeli, au jina baya zaidi. Katika hili, Becker anathibitika: mwenye kalamu ndiye mwenye mpaka.

3.0 Kamchape kama Njia ya Kurudi

Richards (1935) alieleza juu ya wasaka wachawi waliopita miongoni mwa Wabemba wakiwanywesha watu dawa, kwa imani kwamba atakayerudia uchawi baada ya kuinywa atakufa. Willis (1968) alichunguza kamchape huko Ufipa, ambako waliotajwa kuwa wachawi walisalimisha dawa zao, wakatakaswa, kisha wakapokewa upya katika jamii.

Jambo la kuzingatia ni hatua hiyo ya mwisho. Mahakama humwacha huru mtuhumiwa kwa kukosekana kwa ushahidi, lakini haimtakasi machoni pa jirani. Kamchape hudai kumtakasa hadharani. Ndiyo maana marufuku peke yake haijawahi kuwatosheleza wanakijiji wanaowaalika wasakaji hao: wanatafuta hukumu ambayo ofisi ya serikali haiwezi kuitoa.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuusifu utaratibu huu. Kwanza, mlango wa kurudi hufunguliwa kwa kukiri pekee. Anayesema kweli kwamba hana hatia huonekana mkaidi, na mzigo wake huongezeka maradufu. Pili, jina haliangukii watu wote kwa uzito uleule. Mjane asiye na watoto wa kumtetea hulibeba kwa urahisi zaidi kuliko mwenye ukoo mkubwa. Tatu, vyombo vya habari vya Tanzania vimeripoti katika miaka ya karibuni vurugu zinazohusishwa na kamchape mkoani Kigoma, pamoja na hatua za polisi dhidi ya wahusika. Anayejiita mtakasaji naye hupachikwa jina la mhalifu. Hivyo majina mawili hukutana katika kijiji kimoja, na hakuna lililovuliwa.

4.0 Hitimisho

Nadharia ya upachikaji majina inahitaji sura ya pili, yaani nadharia ya uvuaji majina. Jamii isipimwe kwa ukali wa mipaka yake tu, bali pia kwa njia inayomwachia aliyevukishwa mpaka pasipo kosa.

Waswahili husema: mchawi mpe mwana kulea. Kwa kawaida methali hii hufasiriwa kama hila ya kumfunga mikono adui. Inaweza pia kusomwa kama utaratibu wa kijamii: anayeogopwa hudhibitiwa kwa kuaminiwa hadharani, bila kulazimishwa kukiri na bila kuhamishwa. Sheria ya 1928 haina nafasi ya kitendo kama hicho, na kamchape inakitoa kwa bei ya ungamo. Marekebisho yoyote ya sheria hii yanapaswa kuanzia hapo: kumpa mtuhumiwa tamko la wazi, mbele ya kijiji chake, kwamba hana hatia na kwamba nyumba yake ni yake.