Chelezo na Dema Lake: Maoni juu ya Istilahi za Nakala za Akiba

Tumeletewa mswada wa istilahi uliotayarishwa na ofisi moja ya Chake Chake, Pemba, kwa ajili ya makarani watunzao kumbukumbu katika kompyuta. Kazi yenyewe yastahili sifa. Waandishi hawakukimbilia kutohoa kila neno; "kanzidata" wameitumia kwa ufasaha, na maelezo yao yasomeka. Lakini katika sehemu ielezayo jinsi ya kurejesha majedwali kutoka katika nakala zilizowekwa akiba, maneno mawili yametutia wasiwasi, nasi twaona si vyema kunyamaza.

La kwanza ni "jedwali". Programu ya PostgreSQL, ikiamrishwa kuweka nakala katika muundo wa saraka, hutoa faili moja kwa data za kila jedwali na kulipa jina la nambari tupu, mfano 3021.dat. Mwenye kulitazama jina hilo hawezi kujua kama ndani mna majina ya wakulima wa karafuu au uzito wa mavuno yao. Ajuaye ni faili jingine, toc.dat, lionyeshalo nambari ipi ni ya jedwali lipi. Mswada umeliita "jedwali la yaliyomo". Kwa kitabu, jina hilo halina kosa. Hapa karani ameagizwa ahakikishe kila faili lina jedwali lake katika kanzidata. Atalitafuta hili "jedwali la yaliyomo", asilione, na huenda akalifuta faili lake akidhani limezidi. Akifanya hivyo amebaki na rundo la nambari zisizo wenyewe. Wala si salama kuazima toc.dat ya nakala ya jana, kwani nambari hizo si za kudumu: jedwali lililopewa 3021 leo laweza kupewa nyingine kesho.

Neno la pili ni "chelezo", lililotumika kwa maana ya nakala yenyewe. Twajua kwamba matumizi hayo yamekwisha kuenea, na pengine waliolichagua neno walifikiria kile kimwokoacho mtu asizame. Hoja hiyo ina nguvu bara kuliko Pemba. Mvuvi atosaye dema baharini hulifunga kamba, na juu ya maji huacha chelezo kielee, ili arudipo ajue lilipo. Dema likivunjika, chelezo hakimpi jingine. Kwake chelezo ni alama. Kumwambia mwanawe aliyeajiriwa ukarani kwamba chelezo ni dema la pili ni kumvuruga bure.

Twapendekeza nakala iitwe "nakala ya akiba", kwani "rudufu" peke yake haiitofautishi na nakala ya barua ya kawaida. Jedwali lililonakiliwa liitwe "jedwali asili". Na jina la "chelezo" lipewe toc.dat, maana ndiyo ielekezayo kila dema liliko. Anayeona kwamba neno hilo limekwisha kushikwa na maana nyingine, basi "orodha ya yaliyomo" yamtosha, hatutagombana naye. Ila "jedwali" lisiachiwe kazi mbili katika ukurasa mmoja. Mswada haujapigwa chapa bado. Twaomba ukurasa huo urejeshwe mezani kabla makarani hawajaanza kusafisha mafaili yao.