Gesi Haiishi, Inavuja: Lini Kiyoyozi cha Zamani Kishushwe Ukutani

"Mama, gesi imeisha." Kauli hiyo husikika sana Bujumbura joto la Septemba linapobana na mvua bado hazijashika. Fundi amepanda ngazi, amefunga geji kwenye mashine ya nje, mshale umeshuka, mtungi unafunguliwa. Baada ya nusu saa chumba kimepoa na pesa imelipwa. Mwaka unaofuata fundi yule yule anapanda ngazi ile ile.

Wenye nyumba wa Rohero na Kinindo wakitaka kujua kama kiyoyozi chao kimefika mwisho, huanza kwa kuuliza umri: kina miaka kumi, au kumi na mitano? Kwa mji huu umri ni kipimo kibovu. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja una maana yake, kwa sababu chumvi ya bahari hula mapezi ya alumini ya mashine ya nje mpaka yanasagika ukiyagusa kwa kidole. Maji ya Ziwa Tanganyika hayana chumvi ya namna hiyo, na upepo unaotoka huko jioni haudhuru kitu. Ndiyo maana Bujumbura utakuta mashine kuukuu, rangi imepauka, lakini mapezi yake mazima. Hapa adui ni wengine: vumbi la kiangazi, umeme unaoyumba, na tundu ambalo hakuna aliyejishughulisha kulitafuta.

Tuanze na tundu. Gesi ya kiyoyozi haichomwi kama mafuta ya gari. Inazunguka tu: ndani ya nyumba inachemka na kubeba joto la chumba, kisha kompresa inaibana, inalitema joto hilo nje, na kurudi kuwa kimiminika. Mashine iliyofungwa vizuri inaweza kumaliza maisha yake yote bila kuongezewa hata gramu moja. Anayesema gesi imeisha anasema, bila kujua au kwa kujua, kwamba gesi imevuja, na kwamba aliyoijaza leo nayo itafuata njia hiyo hiyo. Swali la kumuuliza kabla hajafungua mtungi ni moja: imetokea wapi?

Mara nyingi jibu ni rahisi. Nati za shaba zinazounganisha mabomba na mashine hulegea kwa mtikisiko wa miaka, na povu la sabuni linaonyesha vipovu hapo hapo. Kukata ncha ya bomba, kuipanua upya na kukaza nati ni kazi ndogo. Baada ya hapo fundi anyonye hewa yote kwa pampu ya vakyumu kabla ya kujaza. Asiyekuwa na pampu anaifungia hewa na unyevu ndani, na unyevu huo utaigeuza oili ya kompresa kuwa na tindikali. Uvujaji wa aina hii hautoshi kuwa sababu ya kununua mashine mpya.

Koili ya ndani ni habari nyingine. Mvuke wa asidi nyepesi, ule unaotoka kwenye gundi za mbao, vanishi na baadhi ya sabuni za kusafishia, hutoboa shaba kwa vijia vyembamba visivyoonekana kwa macho. Unaziba kimoja, kinafunguka kingine. Koili ikifika hapo, kuichomelea ni kupoteza pesa, na kinachobaki kuuliza ni kama koili ya kubadilisha inapatikana na mashine inatumia gesi gani.

Aina ya gesi imeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje, na watu wachache hukisoma. Ikiwa ni R-22, jua kwamba mlango wake unafungwa. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 pamoja na marekebisho yake umeipangia ratiba ya kuondoka. Kwa nchi zinazoendelea, Burundi ikiwemo, matumizi yalizuiwa yasipande kuanzia 2013, yakatakiwa kupungua kwa asilimia 10 mwaka 2015, asilimia 35 mwaka 2020 na asilimia 67.5 mwaka 2025. Ikifika 2030 kitabaki kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine zilizopo, nacho mwisho wake ni 2040. Kwa hiyo mwenye mashine ya R-22 inayovuja ananunua kila mwaka kitu kinachozidi kuwa adimu ili kimtoroke.

Huwezi kukwepa kwa kumimina gesi mpya ndani ya mashine ya zamani. R-410A hufanya kazi kwa shinikizo kubwa kuliko R-22 kwa zaidi ya nusu, na inataka oili tofauti; kompresa ya R-22 haikuundwa kwa hayo. R-32, iliyo kwenye mashine nyingi mpya, nayo inataka mashine yake. Kuna wanaojaza gesi ya kupikia, na kweli inapoza, lakini inawaka, na imewekwa ndani ya mashine ambayo swichi zake hazikutengenezwa kwa gesi inayowaka, tena juu ya kitanda cha mtu. Mtungi usio na jina ni hatari kuliko gesi hiyo. Mwaka 2011 kompresa za makontena ya baridi zililipuka Vietnam na Brazili na kuua watu, kwa sababu zilijazwa gesi bandia yenye R-40, ambayo ikikutana na alumini hutengeneza kemikali inayolipuka.

Sasa umeme. Mota ya kompresa ya kawaida inataka volti 220 au 230. Volti ikishuka saa za jioni, wakati mtaa mzima umewasha kila kitu, mota haipunguzi kazi. Inavuta ampia zaidi ili izunguke vile vile, na ampia hizo hugeuka joto ndani ya nyaya zake. Wahandisi wana kanuni ya zamani: kila nyuzi 10 za ziada hupunguza nusu ya maisha ya vifuniko vya nyaya hizo. Ongeza kukatika na kurudi. Umeme ukirudi baada ya sekunde chache, kompresa inajaribu kuanza huku shinikizo la upande mmoja bado liko juu, inakwama, inanguruma, na ama swichi ya usalama inaiokoa au haiiokoi. Kifaa kinachochelewesha kuwaka kwa dakika tatu ni cha bei ndogo, lakini nyumba nyingi hazina.

Kompresa ikiungua ndani ya mashine ya R-22, mimi ningeishusha. Kompresa iliyotumika inapatikana kwa mafundi wa Buyenzi, na wako wanaoifunga kwa ustadi, lakini ile ya kwanza ilipoungua iliacha tindikali ndani ya mabomba yote. Bila kuyasafisha na kubadilisha kichujio, ya pili itafuata.

Lakini kabla ya kuhukumu mashine ambayo haijaungua, ioshe. Nasisitiza hili kwa sababu hapa ndipo hesabu nyingi huharibikia. Toa vichujio vya mashine ya ndani, kisha mulika tochi kwenye gurudumu refu la feni lililojificha chini ya koili. Vumbi la Juni hadi Septemba hukutana na unyevu pale na kuwa utando mweusi unaojaza mkunjo wa kila bawa. Gurudumu linazunguka kwa kasi yake, sauti ni ile ile, lakini hewa haisukumwi. Mji wenyewe uko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa tayari ni nyepesi kwa kama asilimia 9 kuliko pwani. Hilo peke yake si tatizo, ila halisaidii. Mashine ya nje nayo ioshwe kwa maji ya kawaida, si kwa mashine ya kuoshea magari, ambayo hulaza mapezi yote.

Baada ya kuosha ndipo upime. Kipimajoto cha kawaida kiwekwe mahali hewa inapoingia juu, kisha mahali inapotokea: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 inaonyesha mashine inafanya kazi yake. Mita ya koleo inayobana waya isome ampia, zilinganishwe na zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kisha tumia kipimo ambacho kila nyumba yenye mita ya Cash Power ya REGIDESO tayari inacho: soma uniti zilizobaki kabla ya kulala, soma tena asubuhi, toa zile za friji ulizopima usiku ambao kiyoyozi kimezimwa.

Tufanye hesabu ya mfano. Mashine ya zamani ya BTU 12,000 hula kilowati 1.3 kompresa inapozunguka. Ikiwa chafu, kompresa haipumziki, na saa 8 za usiku ni uniti 10.4. Mashine hiyo hiyo ikioshwa, tuseme kompresa inazunguka asilimia 60 ya muda: uniti 6 na kidogo. Inveta mpya ya ukubwa huo, yaani mashine inayobadilisha kasi ya kompresa badala ya kuiwasha na kuizima, kwa chumba kile kile tuipe uniti 4. Muuzaji dukani atakuonyesha tofauti ya 10 na 4. Hesabu ya haki ni ya 6 na 4, na uniti mbili kwa usiku huchukua miaka mingi kulipa mashine iliyoagizwa kwa dola, wakati dola zenyewe hazipatikani, ikapita bandari ya Dar es Salaam na barabara yote ile.

Wala kanuni ya mafundi wa Marekani haitufai. Wao huzidisha umri wa mashine kwa gharama ya tengenezo. Jibu likipita dola 5,000, nunua mpya. Tuseme kompresa imebadilishwa hapa kwa dola 200 kwenye mashine ya miaka 15: jibu ni 3,000, endelea kutengeneza. Kanuni ile ilitungwa kwa mashine kubwa za nyumba nzima na kwa nchi ambako saa moja ya fundi ni ghali. Bujumbura ufundi ni rahisi na chuma ni ghali, hivyo tengenezo litashinda karibu kila mara, hata pale ambapo halikupaswa kushinda.

Kuna nyumba moja ambayo ningeishauri ibadilishe hata mashine nzima: ile inayotegemea jenereta ndogo au sola. Kompresa ya zamani ikiwaka huvuta kwa sekunde chache mara tano au sita ya ampia zake za kawaida, na jenereta lazima liwe kubwa ili kuhimili hizo sekunde tu. Inveta huanza polepole. Kwa mji ambao watu wamelala foleni vituoni wakingoja petroli, tofauti hiyo ni kubwa kuliko uniti zote nilizohesabu juu. Na kwa nyumba ya Kiriri inayopata upepo wa mlimani, ningeuliza kwanza kama feni ya dari ya wati 70 haitoshi.

Inveta ina udhaifu wake. Volti iliyoshuka huivumilia vizuri, ila bodi yake ya elektroniki haivumilii mshtuko wa umeme unaorudi kwa kishindo, na bodi haichomelewi kama bomba. Bei ya kinga ihesabiwe pamoja na bei ya mashine. Walio karibu na ziwa, upande wa Kajaga na Gatumba, waliona 2024 maji yalivyopanda. Huko mashine ya nje ikae juu ya vishikizo ukutani, si kwenye saruji chini.

Siku ya kushusha ile ya zamani, kama kompresa bado inazunguka, usimruhusu fundi akate mabomba kwanza na gesi ipulizie hewani. Afunge vali nyembamba, aache kompresa ivute gesi yote iingie mashine ya nje, kisha afunge vali nene na kuzima. Ni kazi ya dakika chache. Kilo moja ya R-22 iliyozuiwa humo ina nguvu ya kupasha dunia joto sawa na karibu tani 1.8 za kaboni dayoksaidi, na ikiwa safi inaweza kuhamishiwa kwenye mtungi na kumhudumia jirani ambaye mashine yake haivuji.