Fahali wa Udongo, Kombaini ya Waya

Asiseme mtu mbele yangu kwamba watoto wa Basotu, huko Hanang nchini Tanzania, wa miaka ya 1980 hawakuwa na vitu vya kuchezea. Dukani hapakuwa na kitu, ni kweli: baada ya vita vya Kagera hata sabuni ilipangiwa foleni, nani angeagiza mdoli kutoka ng'ambo? Wenzetu wa Ulaya na Marekani walinunuliwa askari wa plastiki, na leo, wakiwa watu wazima, wanawasaka askari walewale kwa bei ya kutisha. Sisi tulikuwa na udongo wa ziwani na waya wa mashambani, na kilichotoka humo nakithamini kuliko chochote cha kiwandani.

Nianze na ng'ombe. Watoto wa Kibarabaig na wa Kiiraqw walifinyanga huku mifugo ikinywa maji. Udongo ulipondwa, ukatolewa vijiti na vikokoto, ukakandwa mpaka ukaacha kunata vidoleni. Mwili na miguu vilitoka kwenye donge moja, maana mguu wa kubandika huanguka ukikauka. Kisha nundu. Hapo ndipo fundi alipojulikana, kwa kuwa nundu ya fahali si nundu ya mtamba, na mchungaji mdogo kabisa angemkataa ng'ombe wako ukizichanganya. Pembe zilikuwa miiba ya mgunga. Ng'ombe walikaushwa kivulini, juani wangepasuka. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kweli zizini, aliyefananishwa naye pembe kwa pembe.

Halafu kulikuwa na ngano. Kuanzia miaka ya 1970 NAFCO, shirika la taifa la kilimo na chakula, kwa msaada wa Kanada, ililima nyanda za Hanang hadi zikawa mashamba saba yenye ekari zipatazo 100,000, la Basotu likiwa mojawapo. Msimu wa mavuno, kombaini ndiyo iliyotutoa nyumbani.

Fremu ya kombaini yetu ilikuwa waya wa uzio, uliokatwa bila koleo kwa kuukunja na kuukunjua mpaka ukakatika. Magurudumu yalichongwa kwenye soli za kandambili zilizokwisha. Usukani ulikaa juu ya waya mrefu, uendeshe ukiwa umesimama. Lakini ufundi wenyewe ulikuwa kwenye lile pipa la fito la mbele, linaloinamisha masuke kwenye visu. Lilizungushwa na ukanda wa tyubu ya baiskeli uliovikwa kwenye ekseli. Ukanda ukinyooka, pipa hufuata magurudumu na kuvuta majani ndani. Ukiupishanisha, pipa huzunguka kinyume na kuyasukuma nje. Hakuna mtu mzima aliyetufundisha hilo. Tulilipata kwa kuchuchumaa kando ya shamba tukitazama, kisha kwa kujaribu kwenye nyasi za uani.

Na uani ndiko ng'ombe na kombaini walikokutana. Kwa wakubwa, jambo hilo lilikuwa mahakamani: wanakijiji wa Mulbadaw waliishtaki NAFCO mwaka 1981 kwa ajili ya ardhi yao, Mahakama Kuu ikawapa haki, Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Watoto husikia yanayosemwa motoni usiku. Katika mchezo wetu mwenye kombaini alilazimika kuacha njia ya mifugo kwenda majini, na asiyeiacha hakuruhusiwa kucheza. Sheria hiyo hatukuandikiwa na mtu, nami bado naiona ya haki.

Wasichana walikuwa na wanasesere wa mabunzi, wenye nywele za mahindi mabichi zilizosukwa kweli, na hao wanastahili insha yao.

Waya haukutupwa kamwe. Likipita gari la aina mpya kutoka Katesh kwenda Haydom, kombaini ilikunjuliwa, waya ukanyooshwa kwa jiwe juu ya jiwe, na kesho yake jioni gari lile lilikuwa uani, na taa zake za vizibo vya soda, likisubiri mtu wa kwanza wa kulikosoa.