Kitabu cha Tippu Tip na Mzigo wa Mwenzio

Wahenga walisema ya kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake yajulikana hata na watoto: mzigo ulio kichwani mwa mwingine huonekana mwepesi machoni petu. Methali hii ilitujia mara nyingi tulipokuwa tukisoma habari za maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip. Leo twataka kukipima kitabu hicho mbele yenu: tuseme uzuri wake, tuseme upungufu wake, kisha tutazame kama upungufu huo si wetu pia.

Huenda mtu akauliza, Mkristo wa Tabora ana haja gani na kitabu cha mfanyi biashara wa pembe na watumwa? Twajibu ya kuwa haja ni kubwa. Sisi tukaao Mtendeni twakaa juu ya njia yake. Jina lenyewe la Mtendeni latoka katika mtende, na mtende si mti wa asili ya Unyamwezi. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilitembea miezi mitatu au zaidi kabla ya kufika Tabora, na hapa njia ziligawanyika: moja kwenda Ujiji na Manyema, moja kwenda Karagwe na Buganda, moja kushuka kusini. Muhammed bin Juma, babaye Tippu Tip, alikuwa na makazi yake hapa, akamwoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Basi kitabu hiki si cha mgeni wa mbali. Ni cha jirani, tena mkwe.

Tippu Tip alizaliwa Unguja kadiri ya mwaka 1837, akafa huko huko mwaka 1905. Katika uzee wake aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, naye Mjerumani Heinrich Brode akazipiga chapa kwa herufi za Kirumi, pamoja na tafsiri ya Kijerumani, katika miaka ya 1902 na 1903. Baadaye W. H. Whiteley alizifasiri kwa Kiingereza, na kitabu chenye lugha mbili kikatoka Afrika Mashariki mwaka 1966. Jina lake latuambia ya kuwa haya ni maisha ya mtu huyo kwa maneno yake mwenyewe.

Na huo ndio uzuri wake wa kwanza. Habari nyingi za nchi yetu za zamani ziliandikwa na wasafiri wa Ulaya, nasi twazisoma kwa macho yao. Hapa asema mtu wa kwetu kwa lugha ya kwetu. Kiswahili chake ni kikavu na chepesi, hakina mapambo. Atupeleka mbio kutoka safari hata safari, na watu wakikutana husemezana: huyu akasema hivi, yule akajibu hivi, hata twawasikia kana kwamba wameketi barazani. Mwalimu atakaye kuwafundisha watoto kueleza jambo bila kuzungukazunguka, na awasomee kurasa chache za kitabu hiki.

Uzuri wa pili ni kwamba hajifichi. Atuambia jinsi wapagazi wake walipotoroka karibu na pwani, naye akaenda vijijini mwao, akakamata watu wengi na kuwafunga, hata wenyeji wakampa jina la chui. Jina hilo halimtahayarishi, aliandika mwenyewe. Atueleza vita vyake na Nsama wa Itabwa mwaka 1867, na pembe alizozipata humo. Atueleza jinsi alivyodai udugu na mtawala wa Utetela, akisema nyanya yake alikuwa wa ukoo ule, hata akapewa utawala. Mtu mwingine angaliyafunika mambo haya kwa maneno matamu. Yeye ayaweka mbele yetu kama mfanyi biashara awekavyo bidhaa mezani. Unyofu wa namna hii twapaswa kuusifu, hata tukiyachukia matendo yenyewe.

Sasa tuseme upungufu. Katika kitabu hiki pembe huhesabiwa frasila kwa frasila. Zina mahali zilipotoka, zina bei, zina mtu aliyezikopea mali. Wakubwa nao wana majina: watemi, Waarabu, Wazungu. Lakini yule aliyeichukua pembe begani, kutoka Manyema hata Tabora na kutoka Tabora hata pwani, mara nyingi hana jina wala sauti. Hutajwa kwa wingi wake, kama watajwavyo mbuzi. Frasila ni ratli 35 hivi, na mzigo wa mpagazi ulikuwa kadiri ya frasila mbili. Mwandishi ajua vema uzito wa pembe. Uzito wa mzigo haujui, maana hakuuchukua. Na mtumwa mwanamke, na mtoto aliyemfuata, hao twawaona kwa mbali sana, kama vumbi la msafara uliokwisha kupita.

Huenda mtu akatupinga akasema, hayo yalikuwa desturi ya wakati wake, msimhukumu. Ni kweli kwamba hukumu ya marehemu si yetu. Ni ya Mungu. Lakini neno la desturi halitoshi. Baba Mtakatifu Gregori XVI alikuwa amekwisha kuikataza biashara ya watumwa kwa Wakristo tangu mwaka 1839. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Tippu Tip akiwa katika nguvu zake. Mwaka 1888 Baba Mtakatifu Leo XIII aliwaandikia maaskofu wa Brazil juu ya utumwa, na mwaka huo huo Kardinali Lavigerie alizunguka miji ya Ulaya akihubiri juu ya watumwa wa Afrika. Na dini ya mwandishi mwenyewe yahesabu kumwacha mtumwa huru kuwa tendo jema mbele ya Mwenyezi Mungu. Basi jicho la kuona lilikuwapo katika siku zile. Desturi hufunika jicho, hailing'oi.

Lakini mhakiki aonyaye upungufu wa mwingine yafaa aseme na wa watu wake. Mapadre Weupe wa kwanza walipotoka Bagamoyo kuja bara mwaka 1878, vyombo vyao, na hata vya ibada, vilichukuliwa na wapagazi. Majina ya mapadre hao twayajua. Ya wapagazi, ni wangapi tuwajuao? Nao babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi hodari, wengi wao kwa hiari, na kijana aliyekwenda pwani na kurudi alihesabiwa mtu mzima. Lakini wako waliorudi na faida wakanunua watumwa wa kuwalimia mashamba, ili wao waweze kusafiri tena. Hivyo katika njia hii ya zamani hakuna awezaye kusimama kando na kunyosha kidole tu.

Kuna kitabu kingine tulichopenda kukiweka karibu na hiki, ili mizani iwe sawa. Ni habari za Swema, msichana wa Kiyao, zilizopigwa chapa Ufaransa mwaka 1870. Alichukuliwa utumwani pamoja na mamaye, na mama akaachwa njiani kwa kuwa hakuweza tena kwenda. Swema alifika Unguja akiwa karibu na kufa, akazikwa kama maiti, akaokolewa na kupelekwa kwa masista. Habari zile zatuambia ya kuwa baadaye alimwuguza Mwarabu aliyejeruhiwa, mmoja wa wale waliomtesa, naye akapigana sana na moyo wake hata akaweza kumsamehe. Humo mtumwa ana jina, ana mama, ana machozi. Ila nako kuna upungufu: maneno ya Swema yametufikia kwa mikono ya watu wengine, kwa Kifaransa, ili kuwavuta wasomaji wa Ulaya wafungue mikoba yao. Hatuwezi kujua vema ni wapi aliposema msichana na ni wapi aliposema mwandishi. Bwana aliandika mwenyewe, na mtumwa akaandikiwa. Huko kuandikiwa nako ni sehemu ya utumwa wake.

Tukimtafuta mtumwa aliyejibu kwa matendo yake, na tutazame magharibi, Karema, kando ya ziwa Tanganyika. Adrien Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, akakamatwa akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadre Weupe huko Algeria, akasomeshwa uganga Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawa katekista na mganga hata alipokufa mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 kasoro chache za miezi ama zaidi. Katika maisha yake sala na kazi havikukaa katika nyumba mbili. Aliyeifundisha Baba Yetu asubuhi ndiye aliyeosha kidonda mchana. Huyu alijua uzito wa mzigo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mzigo wa watu.

Sasa twafika mahali ambapo kitabu cha Tippu Tip kilituhukumu sisi tukisomao. Jioni moja jumuiya yetu ilisali nyumbani kwetu. Tulisoma Injili, tuliomba kwa ajili ya wagonjwa, wasafiri na wakubwa wa nchi. Msichana atusaidiaye kazi alikuwa jikoni akipika uji wa wageni. Alipouleta, alipiga magoti, akasema, “Shikamoo, bibi.” Mama mmoja mzee akaitikia, “Marahaba, mwanangu,” kisha akatugeukia akauliza, “Mwalimu, mtoto huyu husali na nani?”

Hatukuwa na jibu. Kila juma alikuwa jikoni wakati wa sala, maana uji haujipiki. Usiku ule tulitafuta moyoni, tukaona na jambo la pili. Mshahara wake wa miezi mitano ulikuwa kwetu; tulisema twamwekea akiba. Yeye hakuomba tumwekee. Tulijua bei ya unga, ya sukari na ya mkaa, tukaziandika daftarini. Jina lake la ubatizo hatukulijua. Tulimwita kwa jina la kijiji chake. Hapo ndipo tulipokiona kitabu cha Tippu Tip mkononi mwetu wenyewe, nasi ndio waandishi.

Kesho yake tulimlipa fedha zake zote, tukamwomba radhi. Hakusema neno, alizihesabu mara mbili. Kuhesabu kule mara mbili kulituuma kuliko lawama, maana tulifahamu ya kuwa hakutuamini, naye alikuwa na haki.

Katekisimu yatufundisha ya kuwa kuzuia ujira wa mfanyi kazi ni mojawapo ya dhambi zinazolilia mbinguni. Leo XIII alilikumbusha neno hilo mwaka 1891 katika barua yake juu ya hali ya wafanyi kazi, na kabla yake Mt. Yakobo aliwaonya matajiri ya kuwa ujira waliouzuia wapiga kelele. Twaungama hasira, twaungama kukosa Misa. Ni wangapi tunaoungama ujira wa vibarua? Katika wilaya zetu za tumbaku vijana hutoka mbali, hulima msimu mzima kwa ahadi ya kulipwa mwisho, na wengine huambiwa mwisho ya kuwa chakula walichokula kimezimaliza fedha zao. Wako na watoto katika kazi hizo, ingawa sheria ya nchi ya mwaka 2004 yakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Wenye mashamba hayo tunawaona kanisani, nasi waalimu tunaketi nao benchi moja.

Wako wasemao, kazi ya Mkristo ni sala, haya mengine ni ya serikali. Na wamsome Mt. Paulo anapomwandikia Filemoni juu ya mtumwa Onesimo. Aanza kwa sala na shukrani. Kisha ataka mtumwa yule apokewe kama ndugu. Kisha, kama kuna deni, aahidi kwa mkono wake mwenyewe kulilipa. Barua ni fupi mno, lakini sala na daftari la hesabu vimo humo pamoja.

Basi twawashauri wenye kukipata kitabu cha Tippu Tip wakisome, wala wasikiogope. Ni kitabu chema cha lugha na shahidi mkubwa wa nchi yetu. Lakini wakisome kwa namna hii: kila mahali pembe zihesabiwapo, wajiulize, nani alizichukua? Kisha usiku, kabla ya kulala, kila mtu aulize swali lile lile juu ya siku yake: leo nani alichukua mzigo wangu, je, amelipwa, na jina lake nalijua?

Msichana wetu aitwa Veronika. Sasa uji hupikwa baada ya sala, na wageni hungoja.