Kitendawili Mlangoni mwa Ajira

Kitabu cha William Poundstone, How Would You Move Mount Fuji? (2003), chaeleza jinsi kampuni ya programu za kompyuta ya Microsoft ilivyowatahini waombaji kazi kwa mafumbo. Mwandishi airejesha desturi hiyo kwa William Shockley, aliyeuliza huko California mwaka 1957: wachezaji 127 wa tenisi wakishindana, kila anayeshindwa akitolewa, mechi zitakuwa ngapi? Jibu ni 126, kwani kila mechi humtoa mmoja, na bingwa pekee hubaki.

Fumbo hilo lapendeza. Je, lapima kazi? Katika mchezo wa Waswahili, ashindwaye kutegua kitendawili hutoa mji, akapewa jibu, kisha naye hutega. Mbele ya mwajiri mtegaji habadiliki, na ashindwaye hukosa riziki. Poundstone hafichi udhaifu wa usaili, lakini sehemu kubwa ya kitabu chake yatoa majibu. Na jibu likishakaririwa, fumbo hupima kumbukumbu tu. Mwaka 2013 Laszlo Bock, aliyesimamia watumishi wa Google, alikiri kwamba mafumbo hayo hayabashiri lolote. Kitendawili ni mwalimu mwema. Kukifanya hakimu ni kukidhulumu, pamoja na mwombaji.