Chungu cha Ijumaa

Ijumaa, jua likiwa bado juu ya mashamba ya chai, magokoro, bibi yangu, ameketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko lake hapa Nyamache, ungo wa chinsaga mapajani. Ndiyo mboga ambayo Watanzania huiita mgagani. Anachambua jani moja moja. Kikonyo anakivunja kwa ukucha wa kidole gumba: kikikatika kwa mlio mdogo, jani linaingia sufuriani, kikipinda tu, kinaenda kwa kuku. Mmea uliokwisha kuchanua hauguswi kabisa. Kazi hiyo peke yake imemla saa nzima.

Ni mwaka wa pili sasa tangu niache nyama, na muda mwingi nimehangaika na cha kuziba nafasi yake. Nimeloweka vipande vya soya vya dukani vikafura na kunywa mchuzi. Nimekanda unga wa ngano na kuuosha kwenye maji mara tano sita, wanga ukatoka mweupe kama maziwa, likabaki donge linalovutika kama mpira. Ukilichemsha na vitunguu saumu kisha ukalikaanga, meno yanadanganyika. Vyote navila na navishukuru. Lakini nyama niliyoikumbuka haikuwa ya meno tu. Nilikosa ule uzito wa chakula kilichokaa motoni muda mrefu, na huo nimeukuta katika chungu hiki.

Maji ya kwanza magokoro anayamwaga, kwa kuwa ndiyo yenye uchungu mkali. Najua vitamini C nyingi inakwenda nayo. Kisha anachanganya mchicha kidogo kutuliza ukali, anahamishia kila kitu kwenye chungu cha udongo, anavuta ukuni mmoja nje ya mafiga na kubakiza mbili. Maziwa anayatia kwa kikombe, kidogo kidogo. Majani yakishayanywa, anaongeza. Hafunui kutazama, anasikiliza.

"Maji yanapiga kelele," ananiambia. "Maziwa yananong'ona. Ukisikia kimya, umechelewa."

Nilijaribu kusikiliza naye. Kwa muda sikusikia chochote ila moto. Halafu kweli, mlio ukashuka, ukawa mzito, kama mtu anayevuta miguu kwenye mchanga, na mkono wake ulikuwa tayari umeshika kikombe. Saa tatu tulikaa hivyo. Sijaona mpishi wa hoteli akikiheshimu chakula kiasi hicho.

Jua linapotua, moto unaachwa ufifie, maana Sabato imeingia. Wamisionari wa Kiadventista, Arthur Carscallen akiwa na Peter Nyambo wa Nyasaland, walifika Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, na kutoka huko imani yao ilipanda hadi milima hii ya Gusii ikatia mizizi. Ilikuja na mafundisho ya afya yanayowahimiza waumini wapunguze nyama au waiache, na pia desturi ya kupika chakula cha Jumamosi siku moja kabla. Mapishi mengine huchacha kwa kungoja. Chinsaga, iliyokuwako kabla ya wamisionari na ambayo waliojifungua na vijana waliotoka tohara walikuwa wakilishwa wapate nguvu, inazidi kuwa tamu kadiri inavyolala.

Jumamosi baada ya ibada inapashwa moto na kikombe cha mwisho cha maziwa. Imekuwa nyeusi inayong'aa. Uchungu bado upo, lakini umerudi nyuma ya ulimi, na mbele yake kuna mafuta ya maziwa na ladha nzito ya udongo na moshi. Inatafunika. Tunaila na obokima, yaani ugali, wa wimbi, na maharage pembeni, maana majani peke yake hayajengi mwili. Vitamini B12, ambayo mimea haina, inatoka kwenye maziwa.

Nilipomaliza nilisogeza sahani bila kuombwa. Magokoro alinipakulia kijiko kimoja tu.

"Hii nyingine ni ya kesho, omochokoro one, mjukuu wangu. Haijaiva bado."

Akafunika chungu kwa jani la mgomba, akalikandamiza pande zote kwa viganja, akakisogeza karibu na majivu ya moto.